Mawe ya Katikati ya Gunia

Mama mkubwa huanza na mawe. Kabla ya gunia, kabla ya samadi, kabla hata ya kuuliza kama miche ipo, yeye huchukua beseni akashuka korongoni nyuma ya nyumba yake hapa Kansay, akaokota mawe moja moja. Jiwe bapa analiacha, kwa sababu mabapa hulaliana yakaziba njia ya maji. Kubwa sana analiacha pia, litakula nafasi ya udongo. Analolitaka ni la ukubwa wa limau, lenye pembepembe, na kabla halijaingia kwenye beseni analisugua kwa kidole gumba kuona kama limeshika tope. Beseni likijaa, anayaosha yote. Siku ya kwanza nilipomkuta akiosha mawe nilimwamkia, nikakaa, halafu nikamuuliza kwa nini anajisumbua na kitu kinachokwenda kufukiwa. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mwanangu, hili ndilo koo la gunia. Koo likiziba, tumbo litakula nini?"

Ninayemzungumzia ni dada yake mkubwa mama yangu, mkulima wa mahindi, maharage na mbaazi kama majirani zake wengi katika kata hii ya Wilaya ya Karatu. Kazi ninayotaka kuisifu ni bustani ya gunia. Wengi mmeiona kwenye picha: gunia limesimama wima, limejaa udongo, na majani ya sukuma wiki yametoka ubavuni kila upande kama nywele. Kwenye picha inaonekana jambo la nusu saa. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipojaribu.

Niseme kwanza kwa nini mtu mwenye shamba ahangaike na gunia. Mvua za masika zikikatika Mei, huku kwetu kinakuja kipupwe chenye upepo mkali, na baada yake ukame unaoweza kufika Novemba. Mahindi yamevunwa yako ndani, mbaazi bado zimesimama shambani, lakini jani la kijani la kutia kwenye sufuria linatoweka. Mboga inatoka mbali, inafika gengeni imenyauka, na bei yake inapanda wiki hadi wiki. Nyumba inakuwa na ugali, na haina mboga ya kuulia. Mjini Karatu hali ni ngumu zaidi kwa sababu huko mpangaji hana hata kipande cha ardhi. Binti yake mama mkubwa amepanga chumba kimoja katika nyumba ya familia nne, ua wao wote ukubwa wake hauzidi kitanda na kabati, na katika ua huo amesimamisha magunia mawili ukutani. Gunia halidai shamba. Linadai mahali pa kuweka kigoda.

Hata kwa jirani zetu wanaoishi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro suala la kulima lina historia yake. Kilimo kilipigwa marufuku huko mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikazuiwa upya mwaka 2009. Ukikaa karibu na watu ambao haki ya kuotesha mchicha imekuja na kuondoka namna hiyo, hulidharau tuta lako hata liwe dogo kama beseni.

Sasa turudi kwenye mawe.

Gunia lake ni salfeti ya kilo mia iliyobebea mahindi. Analiweka upande wa mashariki wa nyumba, lipate jua la asubuhi na likingwe upepo wa mchana. Analikunja kutoka mdomoni kuja chini, kama mtu anavyokunja mikono ya shati kabla ya kufua, mpaka libaki na kimo cha shubiri moja. Chini anatandika mawe tupu. Juu ya mawe, katikati kabisa, anasimamisha kopo la rangi la lita nne lililotolewa kitako, kwa hiyo liko wazi juu na chini. Ndani ya kopo anajaza mawe. Kuzunguka kopo anajaza udongo, anaushindilia kidogo kwa ngumi. Halafu analivuta kopo taratibu kwenda juu, akilizungushazungusha, na mawe yanabaki yamesimama yenyewe katikati ya udongo. Anakunjua gunia shubiri nyingine, anajaza tena mawe ndani, udongo nje, anavuta tena. Anarudia namna hiyo, mpaka mdomoni. Ukimaliza unakuwa na nguzo ya mawe kutoka juu hadi chini, imefichwa ndani kama uti wa mgongo.

Kazi yote iko kwenye kule kulivuta kopo. Nilipotengeneza gunia langu la kwanza, pale nilipopanga Karatu mjini, nilivuta haraka na kabla udongo haujafika juu ya ukingo wa mawe. Udongo ukamiminika kati ya mawe, na sikujua kwa sababu kwa juu kila kitu kilionekana safi. Nilipanda, nikamwagilia wiki tatu. Miche ya juu ilineemeka. Ya katikati ilidumaa. Ya chini ilikauka yote. Nilipolipasua gunia nilikuta udongo wa chini mkavu wa vumbi, na juu tope. Maji yalikuwa hayajapita hata shubiri mbili. Nilimpigia simu mama mkubwa kumweleza. Aliuliza swali moja tu: "Ulisikia maji yakifika chini?" Sikumwelewa.

Nilielewa nilipokwenda kumtazama akimwagilia. Hutumia kopo dogo, anamimina juu ya mawe kidogo kidogo, na sikio analielekeza kwenye gunia. Mwanzo maji yanaporomoka ndani kwa mlio wa kugongagonga, yakipita jiwe hadi jiwe. Baadaye mlio unakuwa mzito na wa karibu, maana yake maji yamejaa chini na yanapanda. Hapo anaacha. Hasubiri yatoke mdomoni, na hapimi kwa ndoo. Kwa macho yangu nilihesabu kwamba wakati wa kiangazi dumu moja la lita 20 linatosha magunia mawili kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo ni yale aliyooshea mchele na mboga. Ya sabuni hayaruhusu kabisa. Mahali ambapo maji yanabebwa kichwani, hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama bustani itaishi au itakufa Agosti.

Kuhusu udongo ana masharti makali. Udongo wetu ni mwekundu na una mfinyanzi. Ukilowa unanata, ukikauka unapasuka. Peke yake ndani ya gunia unageuka tofali. Huchanganya madebe mawili ya udongo, debe moja la samadi, na robo debe ya mchanga wa korongoni. Samadi lazima iwe imekaa angalau miezi sita. Mbichi ina moto na huunguza mizizi. Akishachanganya anachukua konzi, anaifinya, anafungua kiganja, kisha analidokoa donge kwa kidole. Likivunjika vipande viwili vitatu, anaridhika. Likibaki zima kama tonge la ugali, anaongeza mchanga. Lisiposhikana kabisa, anaongeza samadi. Nimemwona akikataa mchanganyiko mara nne mfululizo, jua limeshapanda na wajukuu wameshachoka kukoroga, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba inatosha.

Hiyo akili ya samadi haikuanza kwake. Sisi Wairaqw, wengine hutuita Wambulu, tulitawanyika kuja Karatu kutoka Mama Issara, nyanda za juu za Mbulu, mahali pa milima iliyobanana ambapo wazee walilima vipande vidogo vilevile kizazi baada ya kizazi bila kuvichosha. Walilaza ng'ombe ndani ya nyumba usiku, asubuhi wakabeba samadi kwenda shambani, wakakinga mteremko usichukuliwe na maji, wakapanda viazi vitamu mabondeni palipo na unyevu. Watafiti wamekwenda kule kutoka mbali kujifunza namna hiyo ya kulima. Mimi ninapomtazama mama mkubwa akifinya konzi ya udongo naona mkono uleule, ila sasa mlima umekuwa gunia.

Gunia likijaa hapandi siku hiyo. Anamimina maji kwenye mawe jioni, anakwenda kulala. Asubuhi anakuja kulisoma. Salfeti ni nyeupe, kwa hiyo unyevu ukifika ubavuni unaacha doa jekundu. Doa likizunguka gunia lote kwa kimo kilekile, nguzo iko sawa. Likipanda upande mmoja na upande mwingine ukabaki mweupe, maana yake mawe yameegemea, na atalimwaga lote aanze upya. Ninaandika hivi nikijua kuna msomaji atakayesema ni mama anayependa kujitesa. Lakini gunia likishapandwa haliwezi kurekebishwa, na litakaa mwaka mzima. Asubuhi moja ya kulisoma ni bei ndogo.

Kisha matundu. Anaweka ncha ya kisu kwenye makaa mpaka iive, anakata mkato wa mlalo wa upana wa vidole vitatu. Nyuzi za plastiki zinayeyuka pembeni na kushikana, tundu halifumuki. Aliyekata kwa wembe baridi atakuta baada ya miezi miwili gunia limechanika kutoka tundu hadi tundu. Matundu yanapishana kama tofali ukutani, shubiri moja kutoka lingine, ili mizizi isigombane. Kwenye gunia lake la mwisho nilihesabu 32.

Miche anaipanda jioni, jua likishapoa. Kila mmoja anauingiza kwa vidole viwili, anauhisi ndani kwa kidole cha shahada mpaka ajue mzizi umelala sawa. "Mzizi ukipinda kama ndoano," alinionyesha kwa kidole, "mche utaishi, lakini hutakula kitu." Mnafu anauweka safu za chini kwa kuwa unapenda unyevu. Sukuma wiki na spinachi zinakaa katikati. Juu, kuzunguka mdomo wa mawe, anapanda vitunguu vya majani na kumwaga mbegu za mchicha, kwa kuwa mchicha hung'olewa mzima na ukitoka ubavuni unaacha tundu wazi. Vidukari vikija anavipuliza kwa maji ya majivu na pilipili. Kuku anawazuia kwa matawi ya miiba, na kwa hili hana msamaha: kuku mmoja akipata nafasi asubuhi moja, gunia zima linabaki vikonyo.

Kuchuma nako kuna adabu yake. Anashika jani la chini kabisa, analivunja kwa kulishusha, halichomoi. Juu anaacha majani matano. Watoto wakitumwa hukwanyua la katikati kwa sababu ndilo laini, na mche unasimama kukua wiki mbili. Ameshawafundisha wajukuu kuhesabu kwa njia hiyo: moja, mbili, tatu, nne, tano, haya hayaguswi.

Wazo la gunia limezunguka Afrika Mashariki kwa njia za shida. Mfano unaojulikana sana ni Kibera, Nairobi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, chakula kilipanda bei na barabara zikafungwa, na mwaka 2008 shirika la Ufaransa la Solidarités likaanza kuwafundisha wakazi wa Kibera kulima kwenye magunia na kuwagawia miche. Mtafiti Courtney Gallaher na wenzake walikwenda kuzichunguza nyumba hizo, na mwaka 2013 walichapisha kwamba waliokuwa na magunia walikula mboga za aina nyingi zaidi, na hawakulazimika mara kwa mara kufikia hatua zile chungu ambazo familia hufikia chakula kikikosekana. Waliona pia kwamba mboga zilitembea kutoka mlango hadi mlango, jirani akimgawia jirani. Hilo la mwisho halikunishangaza. Magunia mawili ya binti wa mama mkubwa huchumwa na ua mzima, na ua mzima unayamwagilia.

Hapa Tanzania kulima mjini kuna umri mrefu kuliko gunia. Wenye umri wanakumbuka mwito wa Siasa ni Kilimo wa mwaka 1972, na baada ya ukame wa miaka ile, Kilimo cha Kufa na Kupona, ambapo hata wafanyakazi wa ofisini walitakiwa kulima. Dar es Salaam imekula mchicha wa mabonde yake, Msimbazi likiwemo, kwa miongo mingi. Mwaka 1992 serikali ilitunga kanuni za kilimo cha mjini, zikaweka ukomo wa ekari tatu kwa mtu. Mpangaji wa Karatu mwenye magunia mawili yuko mbali sana na ukomo huo, na hata hivyo nimewasikia wenye nyumba wakisema bustani ni uchafu. Nadhani wamekosea, na nadhani wangebadili mawazo wakiona gunia lililotengenezwa vizuri, kwa sababu halitiririshi tope wala halinuki.

Nisilipe gunia sifa isiyo yake. Halitoi ugali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Nilipeleka chumo moja la mama mkubwa kwenye mizani ya genge, gunia moja, siku ya nne tangu chumo lililopita: gramu 900. Kwa watu watano hiyo ni mboga ya mlo mmoja, basi. Ndiyo maana ana magunia matatu yanayopokezana, na hata hayo hayamfikishi kwenye kipimo. Lakini yanafanya sufuria isikose jani la kijani kati ya Juni na Novemba, na katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, sufuria hiyo ina uzito wake.

Tena jani la mlangoni halimtegemei mnunuzi. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei ilianguka, na wakulima wetu waliobaki na magunia yaliyojaa walijua maana ya zao ambalo bei yake inaamuliwa ng'ambo ya bahari. Mama mkubwa aliuza mbaazi kwa hasara mwaka ule. Magunia yake mengine, yale ya kijani, hayakusikia habari hiyo.

Kuna jambo la hatari pia, na wa mjini walisikilize. Udongo wa kando ya barabara kuu, wa karibu na gereji au jalala, unaweza kubeba madini yenye sumu kama risasi, na mboga za majani huyapokea. Katika mabonde ya miji mikubwa na huko Kibera watafiti wameliona tatizo hili. Uzuri wa gunia ni kwamba udongo wake unauchagua mwenyewe. Binti yake mama mkubwa hubeba udongo kutoka Kansay, salfeti moja kila anapokuja kusalimia, na dereva wa basi ameshazoea.

Baada ya mwaka hivi jua linakuwa limeila salfeti, inaanza kupukutika vipande vyeupe. Mama mkubwa haisubiri ifike hapo. Analipasua gunia juu ya turubai, anatenga mawe, anachekecha udongo, anautia samadi mpya, na plastiki yote anaikusanya isibaki ardhini. Mbegu za mnafu ameshazitoa kwenye matunda meusi yaliyoiva, akazikamua, akaziosha na kuzianika na majivu kwenye kipande cha kibuyu. Kule Tengeru, karibu na Arusha mjini, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimekuwa kikihifadhi na kuboresha mbegu za mnafu, mchicha, mgagani na ngogwe tangu miaka ya 1990, na kazi yao naiheshimu. Mama mkubwa anaifanya hiyohiyo juu ya dari, karibu na moshi.

Mawe anayaosha tena, yaleyale. Mengine ameyatumia miaka sita. Anayajua. Nilimwona akiokota moja, akalitazama, akaliweka kando kwa sababu pembe zake zimelainika.

Nimeona katika vijiji na mitaa kadhaa magunia yaliyogawiwa kwa sherehe yakiwa yamelala mlangoni, makavu, miezi mitatu baadaye. Waliogawiwa hawakuwa wavivu. Walipewa gunia, wakapewa mbegu, wakapewa na fulana. Hakuna aliyewafundisha kulivuta kopo. Basi ombi langu kwa maafisa ugani, mashirika na vikundi vya akina mama vinavyoandaa mafunzo ya lishe katika kata zetu ni hili: mtafuteni mtu kama huyu, yupo karibu kila kijiji, mlipeni posho kama mnavyowalipa wataalamu wengine, na siku ya kwanza msigawe chochote. Mwacheni awapeleke watu korongoni na mabeseni.